Mtoto Ametulia Darasani, Lakini Sahani Inarudi Imejaa

Swali hili linanifikia kwa sura nyingi, kutoka Soweto na Majengo hapa Moshi mjini hadi Kibosho, Marangu na Rombo, ila kiini chake ni kimoja. Mtoto ameanzishiwa dawa ya ADHD, ile hali ya kutotulia, kusahausahau na kushindwa kumaliza alichokianza. Mwalimu anasifu. Daftari limeanza kujaa. Nyumbani sasa, mtoto aliyekuwa akimaliza mtori na kuomba tena anaonja vijiko viwili na kusukuma bakuli. Sare inampwaya. Tuache dawa?

Msiache kabla ya kupima, na msipime kwa macho. Kukosa hamu ya kula ni moja ya kero za kawaida kabisa za dawa hizi, na mara nyingi hupungua kwa kubadilisha saa za chakula, kabla dawa yenyewe haijaguswa.

Kwanza soma boksi

Ninayosema hapa yanahusu dawa za kuchangamsha ubongo: methilifenideti, inayojulikana kwa majina kama Ritalin na Concerta, pamoja na dawa za jamii ya amfetamini. Atomoksetini haimo katika kundi hilo, ingawa nayo inaweza kupunguza hamu ya kula. Kama boksi limeandikwa risperidoni, habari ni kinyume kabisa: hiyo humfanya mtoto ale sana na kunenepa. Nimeona wazazi wawili wakibishana kwa nini mtoto wa mmoja kakonda na wa mwenzake kafura, kumbe kila mmoja ana dawa yake.

Bibi akiuliza kama mmempa mjukuu wake mirungi, msimcheke. Kathinoni, kemikali iliyomo kwenye mirungi, ni jamaa wa karibu wa amfetamini, na mtafunaji mirungi naye hapati njaa. Mwambieni ukweli: hii ni dawa yenye kipimo kinachojulikana, inaandikwa na daktari, na mtoto anafuatiliwa. Akisikia hivyo anaweza kuwa msaidizi wenu mkubwa, maana jioni yeye ndiye anayeshika mwiko.

Njaa ina saa zake

Methilifenideti ya muda mfupi hufanya kazi kwa saa 3 hadi 4 hivi. Ikimezwa saa 1 asubuhi, saa 5 inakuwa imeshaisha nguvu. Ile ya muda mrefu hukaa saa 8 hadi 12 kulingana na aina, yaani mpaka alasiri au hata saa 1 usiku. Katika muda huo mtoto hasikii njaa. Si kiburi wala deko, wala hajachoka mapishi yako. Dawa ikiisha, njaa inarudi, na wakati mwingine inarudi kwa kishindo.

Kwa hiyo pangeni chakula kiendane na saa hizo:

- Saa 12 asubuhi, kabla ya dawa. Hiki ndicho chakula kikuu cha siku, si chai ya rangi na kipande cha mkate. Mtori wa jana uliopashwa, mayai mawili, uji wa maziwa, au kiporo cha kiburu. Watoto wengi wa huku wanatoka nyumbani mapema kuwahi shule, basi mwamsheni nusu saa kabla. Akishakula ndipo ameze dawa.
- Saa 4, uji wa shule. Akinywa, vizuri. Asipokunywa, msifanye kesi.
- Mchana. Tarajieni kidogo. Kitu kidogo chenye nguvu, kama karanga au yai la kuchemsha, kina maana zaidi kuliko sahani ya ugali inayorudi nzima.
- Saa 10 hadi saa 12 jioni. Akirudi apewe chakula, si biskuti. Kama yuko kwenye dawa ya muda mfupi, hapa ana njaa ya kweli.
- Saa 2 hadi saa 3 usiku. Mlo mwingine kamili. Kama familia inakula saa 1 na yeye bado hataki, mfunikieni chakula chake. Nyumba yenye sheria ya "jiko limefungwa" itabidi iilegeze kwa mtoto huyu.

Wanaopewa dozi mbili kwa siku wamuulize daktari kama dozi ya mchana inaweza kumezwa baada ya chakula cha mchana. Kati ya dozi mbili kuna mwanya ambao njaa hupenya. Ila dozi isisogezwe sana kuelekea jioni, kwa sababu mtoto atakosa usingizi, na asiyelala vizuri huamka hataki chai.

Vidonge vya muda mrefu havitafunwi, havisagwi wala havikatwi. Kuna aina za kapsuli zinazoweza kufunguliwa na punje zake kunyunyizwa juu ya chakula laini, lakini muulizeni mfamasia kuhusu aina yenu hasa.

Ongeza nguvu, si ujazo

Kosa ninalolikuta zaidi ni kumjazia sahani. Mtoto asiye na hamu akiona mlima wa wali anakata tamaa kabla ya kuanza. Mpe kidogo, lakini kizito.

Hapa mlimani tuna bahati, kwa sababu vingi vinavyohitajika vipo kihambani na vingine vinapatikana soko la Mbuyuni kwa bei ya kawaida. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kilokalori zipatazo 120, karibu sawa na ndizi mbivu nzima, na kikichanganywa kwenye kiburu hakionekani. Kikombe cha maziwa yasiyotolewa krimu kina kama 150. Konzi moja ya karanga, gramu 30 hivi, inafika 170. Sasa fikiria uji uleule wa ulezi: uliokorogwa kwa maji na sukari ni maji ya moto yenye rangi, uliopikwa kwa maziwa na kuongezwa siagi ya karanga ni mlo.

Mbinu zinazofanya kazi katika majiko yetu:

- Mtori: nyama ipondwe humohumo pamoja na ndizi badala ya kuachwa vipande ambavyo mtoto atavitenga. Malizia kwa maziwa au siagi.
- Kiburu: ongeza maharage, punguza magadi, weka mafuta.
- Machalari: mpe nyama na ndizi kwanza, mchuzi baadaye. Watoto wengi hujaza tumbo kwa mchuzi na kuacha kilichomo.
- Parachichi: nusu yake ipondwe kwenye mkate asubuhi, au isagwe na maziwa akirudi shule.
- Maziwa mgando: kikombe kabla ya kulala. Kinywaji hupita hata pale chakula kinapogoma.

Tahadhari mbili kuhusu unga wa lishe. Wa kwanza ni ule wenye nafaka nane au kumi pamoja na karanga zilizosagwa humo miezi miwili iliyopita. Wingi wa nafaka hauongezi chochote cha maana, na karanga zilizosagwa huchacha. Nunua karanga peke yake, chambua zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, saga kidogokidogo. Sumukuvu si hadithi: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Wa pili ni ule unaouzwa kama tiba ya kila kitu. Hautibu ADHD wala haurudishi hamu ya kula.

Soda na juisi za boksi ziwekwe mbali na saa za chakula, na vinywaji vya kuongeza nguvu visiguswe kabisa. Kafeini juu ya kichangamshi huongeza mapigo ya moyo na kufukuza usingizi.

Na fimbo? Kumlazimisha, kumtishia au kumkalisha mezani mpaka amalize hakujawahi kuongeza kilo. Kunamfanya achukie meza, na ile saa njaa inaporudi atakuwa ameshajifunza kukwepa.

Mizani, si macho ya ndugu

Kadi ya kliniki huishia miaka mitano. Baada ya hapo hakuna anayempima mtoto mpaka augue, na hapo ndipo mambo yanapopotea. Nunua daftari dogo. Andika uzito na urefu kabla ya dozi ya kwanza, pamoja na shinikizo la damu na mapigo ya moyo ambayo daktari atayapima. Bila namba hiyo ya mwanzo, kila mabishano yanayofuata ni ya kubahatisha.

Mwongozo wa Uingereza wa 2018, ambao hata sisi unatufaa, unataka mtoto wa miaka 10 kushuka chini apimwe uzito kila baada ya miezi 3. Aliyezidi miaka 10 apimwe mwezi wa 3 na wa 6 tangu kuanza dawa, kisha kila miezi 6. Urefu ni kila miezi 6 kwa wote. Mimi ningependa miezi ya mwanzo mpime kila mwezi, kwa sababu zahanati haiko mbali na mizani haiumi.

Jinsi ya kupima bila kujidanganya:

- Mizani ileile kila mara. Ya duka la dawa na ya zahanati zinaweza kupishana kwa kilo nzima.
- Asubuhi, bila viatu, bila sweta. Wa Uru Juu na Mwika mnanielewa: sweta, koti na viatu vya mvua ni uzito wa kutosha kuficha tatizo.
- Urefu upimwe ukutani, visigino vikigusa ukuta, kitabu kikiwa bapa kichwani.
- Msimpime kila siku. Maji na choo vitawapandisha presha bure.

Sasa jambo linalowaponyoka wengi. Mtu ananiambia kwa furaha, "Mwaka mzima hajapungua hata kilo." Mtoto wa shule ya msingi hatakiwi kubaki palepale. Kwa kawaida huongezeka kilo 2 hadi 3 na sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Aliyekaa mwaka mzima na kilo 24 zilezile amerudi nyuma, ingawa namba haijashuka. Mwombe daktari aichore kwenye chati ya Shirika la Afya Duniani ya watoto wa miaka 5 hadi 19, mwone mstari unakwenda wapi.

Je, atabaki mfupi? Utafiti mkubwa wa Marekani ulioanza miaka ya 1990 uliwapima watoto wa ADHD baada ya miaka mitatu. Walioanza vichangamshi na kuendelea navyo walikuwa nyuma ya wasiotumia kwa wastani wa sentimita 2 na kilo 2.7. Sentimita 2 si ulemavu, na mtoto aliyekuwa anafukuzwa shule tatu kwa mwaka ana hasara kubwa kuliko hiyo. Lakini hao ni watoto wa Marekani, wengi wao wakiwa na akiba mwilini. Mtoto anayeanza dawa tayari akiwa mwembamba hana pa kupunguzia, na kwake nisingesubiri miezi 3 kupima.

Si kila kukonda ni dawa

Kuna raha fulani ya kuwa na mshtakiwa mmoja. Dawa imeingia, mtoto amekonda, kesi imeisha. Lakini mtoto wa Moshi bado anapata malaria, hasa tambarare za chini huko TPC na Kahe, bado anapata minyoo, na jino bovu bado linamfanya asitafune. Kabla ya kuhukumu, jiulizeni: hamu ilianza kupungua kabla ya dawa au baada? Jioni, dawa ikiisha, anakula? Kama hata jioni na siku asizomeza dawa hali kitu, tafuteni sababu nyingine.

Kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni au jasho la usiku: apimwe kifua kikuu. Kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara na kukonda haraka: apimwe sukari siku hiyohiyo, msingoje kesho.

Shule za bweni

Hapa ndipo ratiba yote niliyoieleza inapogonga mwamba. Mkoa wetu umejaa shule za bweni, na bweni lina kengele, si njaa. Chai ya asubuhi ni uji mwepesi, mchana ni makande au ugali na maharage, jioni chakula kinatoka mapema na baada ya hapo hakuna kitu mpaka kesho. Mtoto wa dawa ya muda mrefu anapitwa na milo miwili, na njaa yake inafika wakati wenzake wako prepu.

Kabla ya muhula kuanza, kaeni na matroni au patroni, si kwa simu:

- Peleka barua ya daktari yenye jina la dawa, dozi na saa. Dawa ikae kwa matroni kwenye kabati lenye kufuli, si kwenye tranka. Imo katika orodha ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 wa dawa zinazodhibitiwa, na wanafunzi wengine hutamani kuijaribu mitihani ikikaribia.
- Kubalianeni kuhusu dozi baada ya chai, si mstarini kabla ya chai.
- Ombeni ruhusa ya chakula cha usiku. Shule nyingi zinakataza vyakula bwenini kwa sababu ya panya na wivu, na zina haki. Siagi ya karanga na maziwa ya unga vikikaa kwa matroni, mtoto akanywa kikombe baada ya prepu, hakuna kanuni iliyovunjwa.
- Mpime siku ya kufungua na siku ya kufunga. Akipungua mihula miwili mfululizo, zungumzeni na daktari kuhusu kutwa, au kuhusu aina nyingine ya dawa.

Mnayoniuliza zaidi

"Tumpumzishe wikiendi na likizo ili ale?" Inawezekana, na madaktari hulipanga hilo wenyewe, hasa likizo ndefu. Neno ni kupanga. Kuna mtoto ambaye bila dawa anavuka barabara kuu ya Moshi–Arusha bila kutazama. Kwake Jumamosi isiyo na dawa ni hatari kuliko nusu kilo. Muulizeni daktari.

"Tumnunulie sirapu ya hamu ya kula?" Inayouzwa sana madukani ni siproheptadini. Inaleta usingizi, na mtoto anayesinzia darasani amepoteza faida aliyoifuata kwenye dawa ya kwanza. Daktari anaweza kuichagua kwa makusudi. Ninyi msiichague dirishani. Vidonge vya "kunenepa" vyenye deksamethasoni ndio mvitupe mbali kabisa. Vinajaza uso maji na kudumaza mtoto.

"Dawa iliadimika wiki mbili, akanenepa. Ikipatikana tumzidishie?" Hapana. Msifidie dozi zilizopotea. Kama mapumziko yalikuwa marefu, ulizeni kabla ya kurudia dozi ileile.

"Mimi ni mtu mzima, ninaitumia, nimepungua, na kwa kweli nimefurahi." Wanawake kadhaa wameniambia hivi kwa sauti ya chini. Kupungua kwa kusahau kula si afya. Hasira za saa 11 jioni unazosema ni za foleni ya daladala huenda ni za tumbo tupu. Weka kengele ya simu saa 7 mchana, ule ingawa husikii njaa. Kama huna ADHD na unameza ya mwanao ili sketi ikutoshe, unacheza na moyo wako na unamwibia mtoto. Mbege na pombe nyingine usichanganye na methilifenideti.

"Ramadhani na Kwaresima je?" Mtu mzima anayetaka kufunga azungumze na daktari wiki kadhaa mapema. Dawa ya muda mrefu ikimezwa na daku inaweza kupitisha mchana, lakini futari na daku lazima viwe milo kamili, na maji yanywewe ya kutosha. Mtoto anayekonda asifunge.

Desemba, ndugu wakipanda

Krismasi inakuja, Noah zinajaa, mashangazi kutoka Dar wanashuka garini na neno la kwanza ni "Mbona mtoto amekonda hivi?" Baada yake huja minong'ono: hawamlishi, au ana ugonjwa ule. Mtoto anasikia kila kitu.

Fanyeni haya kabla hawajafika. Mpimeni mapema mwezi huo, muwe na namba. Chagueni mtu mmoja wa kujibu maswali, kwa sentensi moja: "Anatumia dawa, tunampima, daktari anajua." Msimwachie ndugu yeyote kuificha dawa "ili mtoto anenepe kidogo sikukuu hizi". Na mtumieni huyo shangazi: nyama imejaa nyumbani, watu wanakula mpaka usiku wa manane, ndiyo saa za mtoto wenu hasa.

Mnaokuja kutoka ng'ambo na watoto wenye dawa hizi, zibebeni kwenye boksi lake lenye jina la mtoto pamoja na barua ya daktari, na ulizeni ubalozi au Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kabla ya safari.

Lini msingoje miadi

Nendeni Mawenzi, KCMC au hospitali iliyo karibu mkiona:

- maumivu ya kifua, kuzimia, au moyo kwenda mbio akiwa ametulia;
- kutapika kusikoisha, au kushindwa kula na kunywa siku nzima;
- kuona au kusikia vitu visivyokuwepo, au maneno ya kutaka kujidhuru;
- kukonda kunakoonekana wiki hadi wiki, hata jioni hamu hairudi;
- msichana au mvulana wa rika la balehe anayeanza kufurahia kukonda na kuficha chakula.

Kwa mengine, subirini miadi lakini msiende mikono mitupu. Bebeni daftari la uzito, boksi la dawa, na orodha ya alichokula siku tatu zilizopita pamoja na saa zake. Daktari mwenye karatasi hizo ana mengi ya kuchagua: kupunguza dozi, kuhamisha saa, kubadilisha ya muda mrefu kwa ya muda mfupi au kinyume chake, kupanga mapumziko, au kuhamia dawa nyingine. Asiye nazo ana swali moja tu la kuwauliza, "Anakulaje?", na baba atasema vizuri, mama atasema vibaya, na foleni nyuma yenu ni ndefu.